Baiti haina deni

Shangazi yangu analima mwani Jambiani, na yeye ndiye aliyeliona kosa kabla yangu. Nilimfungia kipima joto kwenye kigingi kimoja cha shamba lake, maana maji yakizidi moto kotoni, aina ya mwani anayolima, hupauka ikaanza kukatika. Wiki kadhaa mambo yakaenda vizuri. Kisha adapta ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyokuwa ikipokea vipimo ikaungua, nikaihamishia programu kwenye laptopu kuukuu ya Intel. Siku ya pili, maji ya bamvua yamekupwa na jua limepanda, simu ikalia.

"Mwanangu, kidude chako hiki kina homa. Bahari gani hii ya chini ya sifuri?"

Ujumbe ulisema -0.66. Maji yalikuwa nyuzi 27.50.

Kipima joto kile hutuma nyuzi zikiwa zimezidishwa kwa 100, kwa hiyo 27.50 hufika kama 2750, imegawanywa katika baiti mbili (kila moja tarakimu nane za 0 na 1, yaani biti): 190 na 10. Kumi mara 256, ongeza 190, umepata hesabu yako. Mimi bafa yangu, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea data, niliiandika `char bafa[8];` (nafasi nane za aina ya `char`), mazoea ya skuli. Sasa, katika lugha ya C, kama `char` inabeba namba hasi au haibebi ni uamuzi wa kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kwenye Linux ya prosesa za ARM, ambayo ndiyo ya ile Pi, inakwenda 0 hadi 255. Kwenye Intel inakwenda -128 hadi 127. Basi 190 ikawa -66, na nilipoiunganisha na ile kumi, alama ya hasi ikajaza biti zote za juu na kumi ikamezwa. Ikabaki -66.

Kilichonipotezea siku mbili ni kwamba kosa lenyewe lilikuwa linakuja na kuondoka. Maji yakiwa kati ya 25.60 na 26.87, baiti ya chini haivuki 127, jibu sahihi. Kuanzia 26.88 hadi 28.15, uwongo mtupu. Yakifika 28.16, jibu linarudi kuwa sahihi! Nami nilikwenda kujaribu alfajiri, maji ni 26 na kitu. Nikamwambia shangazi labda amesoma vibaya. Bado ananikumbusha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: data ghafi isiwekwe kwenye `char`, hata mara moja, hata kwa majaribio. `char` ni ya herufi. Pemba mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi, na sijasikia pishi iliyo pungufu ya tupu. Baiti nayo ni kipimo cha namna hiyo, 0 hadi 255, basi.

Mimi natumia `uint8_t`, namba ya biti nane isiyo na hasi. Wapo wanaoshikilia `unsigned char`, yaani `char` isiyobeba hasi, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo ambayo kanuni za C zinairuhusu waziwazi kusoma kumbukumbu ya kitu chochote. Hoja yao ni ya kweli, ila kwenye mashine ninazozigusa mimi hizo mbili ni kitu kimoja kwa majina mawili, na `uint8_t` inamwambia msomaji upesi kwamba hapa hakuna maandishi. Kwenye C++, lugha iliyotokana na C, ipo aina ya `std::byte` tangu 2017, ambayo inakataa kabisa kujumlishwa. Wengine inawakera, mimi naipenda kwa ukaidi wake huo.

Ubaya mwingine wa `char` ni kwamba inakuvuta uichukulie bafa kama maandishi. Tazama nyuzi 25.60: baiti zake ni 0 na 10. Sifuri kwa `strlen`, kazi ya C inayopima urefu wa maandishi, ni mwisho wa maneno, na kumi ni mstari mpya kwa `fgets`, inayosoma mstari mmoja mmoja. Kipimo halali kabisa cha maji ya asubuhi, na kila kazi ya maandishi itakikata pahala pake.

Sasa hivi kila programu yangu naijenga mara mbili kwa kompaila ya GCC, moja na `-fsigned-char` (`char` yenye hasi), nyingine na `-funsigned-char` (isiyo na hasi), nazilisha data ileile, kisha nalinganisha majibu. Wiki iliyopita yalitofautiana. Nikatafuta, nikaikuta `char` moja imejificha kwenye faili nililoliandika mwenyewe, baada ya mkasa wa Jambiani.