Pepo wa Turbo Alivyotolewa Chikongola

Subaru Forester ya 2003 yenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, iliingia gereji yetu Chikongola, Mtwara, ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sailensi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika bila kukanyaga mafuta, inacheza kati ya 500 na 1,000, badala ya kutulia kwenye 700 hivi. Mwenyewe ni mwalimu kutoka Newala. Mtetemo haukumuuma sana. Kilichomuuma ni lori la korosho lililompita mlimani, utingo akampungia mkono.

Alishabadilishiwa plagi zote nne, koili na pampu ya mafuta. Kiti cha mbele alikaa mama yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Gari hili limetupiwa kitu."

Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi P0171, yaani mafuta ni kidogo kuliko hewa. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia pampu. Mimi nikatazama kompyuta inavyojirekebisha: kwenye sailensi inaongeza mafuta asilimia 22, nikipandisha hadi 2,500 inashuka hadi 4. Hiyo ni hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa ya hewa. Tundu ni lile lile, ila kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, basi ile ya wizi inakuwa fungu kubwa. Pampu ikichoka, mambo huwa kinyume: ukikanyaga ndiyo hali inazidi.

Tundu liko wapi? Kuna wanaopuliza kabureta klina, dawa inayoshika moto upesi, juu ya injini inayounguruma. Kwenye turbo iliyotoka safari, hapana, ndevu zangu nazipenda. Dawa ni moshi, injini imezimwa na kupoa. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, matundu mawili: moja la pampu ya baiskeli, jingine la mpira mrefu unaopeleka moshi kwenye manifodi, bomba linalogawia silinda hewa, pale panapochomolewa paipu ya busta ya breki. Mdomo wa hewa, baada ya sensa, nikauziba kwa mfuko wa nailoni na raba. Pampu polepole, na kopo liwe mbali na petroli. Ndani ya kopo, udi wa vijiti.

Harufu ilipofika barabarani, watu wakajaa.

"Wanampunga nani?"

"Gari."

"Pepo wa bahari au wa bara?"

"Wa Newala huyo," akajibu bibi, naye akaanza kuvuta tasbihi.

Mara moshi mwembamba ukachungulia pembeni ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ukajisokota kwenda juu. Umati ukalipuka: "Anatoka! Anatoka!" Dogo aliyekuwa akipampu akatupa pampu, akakimbia.

Ulikuwa unatoka kwenye kipaipu cha vakyumu kinachotoka manifodi kwenda kwenye bovu (BOV, vali ya kuachia hewa ya turbo), kimepasuka mwishoni, upande wa chini usioonekana. Kwenye sailensi kinavuta hewa ya wizi. Turbo ikianza kusukuma, bovu linakosa presha ya kulibana lifunge, hewa inarudi ilikotoka, na utingo anapunga mkono.

Nikaweka kipaipu kipya cha kipenyo kile kile, cha kustahimili joto, na klempu mbili. Nikafuta ile kodi ya hitilafu. Sailensi 700, marekebisho asilimia 3.

Bibi alikifunga kile kipaipu kibovu kwenye kitambaa cheusi, akaagiza kikatupwe Shangani baharini, na mtupaji asigeuke nyuma. Nikaandika risiti: kipaipu kimoja, klempu mbili, ufundi.

Akaisoma, akanirudishia. "Na udi je? Andika, mwanangu. Ndio uliofanya kazi."