Bisoke: mpe mpagazi begi lako

Kuna tambo moja linalonikera kwenye makundi ya wapanda milima, hasa ya Wakenya na Watanzania wanaovuka kwenda Rwanda: "Bisoke nimepanda na begi langu mgongoni, wapagazi ni wa wazungu." Chini yake, makofi na mikono yenye misuli. Hongera, shujaa.

Bisoke, volkano iliyo mpakani mwa Rwanda na Kongo, ina mita 3,711. Unaanza juu kidogo ya mita 2,500, na kwa saa tatu hivi unapanda zaidi ya mita 1,000 kwenye tope. Si tope la kuchafua viatu. Ni lile linalomeza mguu hadi katikati ya muundi, ukivuta kwa pupa kiatu kinabaki. Kupanda, hata mbishi atafika. Kushuka ndiko kunakoumiza watu: magoti yamechoka, mizizi inateleza, na begi la kilo sita linakusukuma mbele kila hatua.

Mtazame mpagazi anavyofanya hapo. Anatangulia hatua moja chini, anakita gambuti lake kiubavu kwenye mzizi, kisha anakwambia ukanyage juu yake. Anakushika kifundo cha mkono, nawe unamshika chake, kwa sababu vidole vyenye tope huchomoka. Hatua kumi mbele, anarudia. Kumwita huyo mbeba begi ni kutojua kazi yake.

Halafu pesa. Asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa za Rwanda hutengewa jamii jirani. Kabla ya 2017 ilikuwa 5. Shule, maji, zahanati, sawa kabisa. Lakini mradi huchukua muda na hupita mikono mingi, ilhali ujira wa mpagazi unaingia mfukoni mwake jioni ileile. Wengi wanatoka vijiji vinavyopakana na ukuta wa mawe wa kuzuia nyati, na baadhi yao zamani walitega mitego ndani ya msitu huohuo. Wewe umelipia kibali, mafuta, hoteli na jaketi jipya, halafu ubahili unakuanzia hapo! Eti unajitegemea. Na mwongozaji? Na wale askari wenye bunduki wanaokukinga na nyati, nao ni kujitegemea?

Nakubali, shingo upande: mwenye mazoezi na begi jepesi anaweza kushuka salama peke yake. Na ndiyo, mpagazi anaweza kukuacha nyuma, hasa mkimchangia watu wawili. Msafara ukirefuka atakuwa na mmoja wenu, na maji ya mwingine atakuwa nayo yeye. Kila mtu na wake. Maji, lita mbili angalau, yakae juu kabisa pamoja na koti la mvua. Ukifukua begi mvuani unalowesha kila kitu.

Mengine haraka. Lala Musanze, mji ulio karibu na mlima, si Kigali, maana Kinigi, kwenye ofisi za hifadhi, mnaripoti saa moja asubuhi, na mtu wa Dar au Mombasa mwili wake unahitaji angalau usiku mmoja kwenye mwinuko ili uzoee. Gari la kukufikisha inapoanza njia ni juu yako, na barabara ile ya mawe inataka gari la juu. Nunua glavu za bustani, zile za bei rahisi: ukiteleza mkono unadaka chochote, na mara nyingi ni majani yanayowasha. Kabla ya kushuka kaza kamba za viatu kifundoni, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi. Ukungu ukifunga, ziwa la kreta hulioni, na hakuna wa kumdai. Mpaka unapita kileleni, kwa hiyo picha ya mguu mmoja Kongo piga tu, kila mtu anayo.

Bei ya mpagazi ulizeni palepale Kinigi kabla ya kuondoka, na bebeni noti ndogondogo, chenji haipatikani mlimani. Bakshishi ni nje ya bei hiyo.