Shangazi wa Nyuso Mbili Chini ya Mbuyu wa Mama Ngina

Jini hakuna. Naanza na hilo kwa sababu ile picha mliyotumiwa, yenye maneno "Fundi kanasa jini Mama Ngina", ni kazi ya mikono yangu, na jamaa yangu aliyeisambaza hajawaambia hata nusu. Yeye wakati huo alikuwa kwenye meza ya mihogo. Haya, kaeni vizuri.

Ukoo mzima unajua mimi ndiye fundi simu. Basi baada ya walima wa binamu yangu, bi harusi aliposema anataka picha moja tu na meli kwa nyuma, hakuna aliyehangaika kutafuta mpiga picha. Tukajazana garini, kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho kwa ajili ya nyanya, na simu yangu imelala palepale baridi inapotokea. Wenye akili mshaona tunakoelekea.

Saa nne usiku tuko Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa. Meli ya makontena inaingia bandari ya Kilindini, taa tele. Nikawapanga: maharusi katikati, nyanya kwenye kiti, shangazi pembeni na sahani yake ya viazi karai ambayo hataki kuiweka chini, mbuyu nyuma yao. Nyanya akagoma. "Mie sikai chini ya mbuyu usiku, mwanangu." Akabembelezwa, akakubali kwa sharti nifanye haraka.

Nikapiga. Ukungu mtupu. Simu ikitoka kwenye kiyoyozi na kukutana na joto na unyevu wa pwani, kioo cha lenzi hulowa papo hapo. Ukipangusa, unyevu unarudi, maana kioo chenyewe bado baridi. Dawa yake ni kuiacha nje dakika tano hadi kumi ipate joto. (Ukungu ukiwa ndani ya kioo na haukauki, huenda maji yameingia. Ilete dukani, na bei si ya ukoo.) Haya yote huwaambia wateja kila siku, lakini meli haingoji mtu. Nikapangusa kwa ncha ya kanzu, kanzu ileile niliyolia biriani. Samli ikatandaa kwenye lenzi, na picha ya pili kila taa ya barabarani ikaota miale mirefu mpaka usoni mwa bwana harusi. Kitambaa cha miwani ninachotumia kila siku kilibaki dukani.

"Washa flashi!" akaamuru ami. Mkubwa hakataliwi. Lakini flashi ya simu hufika mita mbili, tatu, basi. Meli ikapotea, bahari ikapotea, tukabaki na nyuso zilizopauka na, hewani, vidude vyeupe vya mviringo vimetapakaa kila mahali. Ni vumbi na unyevu vinavyopita karibu kabisa na lenzi, vikirudisha mwanga wa flashi moja kwa moja. Mwelezeni hivyo nyanya yangu muone. Alivihesabu kimoja kimoja, kisha akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Sasa ndiyo pale.

Nikazima flashi, nikaweka modi ya usiku. Simu ikaandika sekunde 3. Kwa wasiojua, hapo simu haipigi picha moja: hupiga kadhaa mfululizo kisha huzishona pamoja, na anayesogea huachwa nusu hapa nusu kule. Nikaegemea gari, nikabana viwiko mbavuni, nikaweka taima ili kidole changu kisitikise simu. Nikapaza sauti: "Asitikisike mtu! Hata kope!"

Wote wakakauka. Hata muuza madafu aliyekuwa jirani akakauka, panga juu.

Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, mtoto wa binamu, mwenye vile viatu vya kuwaka taa nyekundu, akachomoka mbele ya watu. Shangazi akageuza shingo kumtazama, akamwita kwa puani, maana mdomo nimeukataza. Akakumbuka, akarudisha uso kwa kamera. Ya tatu, simu ikalia.

Wote wamenizunguka. Mbuyu umetoka safi. Meli safi. Bwana harusi, mashallah. Halafu shangazi. Shingo moja, nyuso mbili: mmoja unatazama kamera, wa pili unatazama baharini, na kupitia shavu la huo wa pili unaliona gome la mbuyu. Sahani ya viazi karai mkononi imetoka vizuri mno, hadi ukwaju unauona. Mtoto hayupo kabisa. Kuna mstari wa vidoa vyekundu tu, unapita mbele ya miguu ya watu na kuishia kwenye mbuyu.

"Mtoto yuko wapi?" nyanya akauliza.

Alikuwa nyuma yangu, anakula mihogo. Haikusaidia. Shangazi akajipapasa shavu. Jamani, akajipapasa shavu!

Nikajaribu kueleza kwamba simu za bei kama yangu hazijui vizuri kutupa fremu mbaya, yaani ile picha iliyoharibika kati ya zile kadhaa. Ami akaniuliza kwa upole: "Huyo Fremu ni wa kiume au wa kike?"

Picha nzuri ilikuja chapchap. Lenzi ilishapata joto, nikaifuta kwa kitambaa cha miwani ya ami, nikawasogeza watu karibu na taa ya barabarani. Zumu sikugusa, nikasogea kwa miguu yangu, kwa sababu gizani simu nyingi huiacha lenzi ya kuvutia vitu vya mbali kimya kimya na kukukuzia picha ya lenzi kuu. Nikabonyeza na kushikilia uso wa bi harusi kwenye skrini mpaka fokasi ikafunga, nikashusha mwanga kidogo, sekunde 1, kwisha. Meli ishapita, na picha hiyo hadi leo hakuna aliyeiomba.

Ile nyingine ilikuwa kwenye grupu la ukoo kabla hatujafika nyumbani. Shangazi anataka ifutwe, nyanya anataka ipelekwe kwa shehe, na leo kaja mama mmoja dukani na simu nzima, skrini nzima, betri nzima. Anataka nimtazamie picha ya mumewe kama ndani kuna mtu wa pili. Nimemtoza mia mbili.