Usiku Mmoja Kando ya Simba wa Kent

Mdogo wangu anaishi Coventry, Uingereza, na mumewe na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, watoto wameona kwenye simu nyumba ya wageni iliyo ubavuni kwa simba. Hawanipi raha. Hela yake ni nyingi, lakini haifiki nauli ya sisi wanne kuja nyumbani. Unasemaje?" Nilichelewa kumjibu. Yeye aliuliza habari ya hela, na mimi nikajikuta nawaza mengine kabisa.

Mahali penyewe ni Port Lympne, bustani ya wanyama yenye ekari 600 katika jimbo la Kent, juu ya mteremko unaotazama nyanda za Romney na bahari. Aliyeianzisha ni John Aspinall, tajiri wa nyumba za kamari mjini London, ambaye aliinunua mwaka 1973 na kuifungulia umma mwaka 1976. Ndani yake lipo jumba la zamani lililosanifiwa na Herbert Baker, yule yule aliyechora ramani ya Ikulu ya Nairobi. Siku hizi mgeni anaweza kulala kwenye jumba hilo, au kwenye vibanda vya mbao, au kwenye nyumba zilizojengwa makusudi kandokando ya dubu, chui milia na simba. Katika nyumba za simba, ukuta mmoja wa sebule ni kioo kizito kutoka sakafuni hadi darini. Mtoto amekaa kwenye zulia na kikombe chake cha maziwa, simba kajinyoosha hatua mbili kutoka alipo. Ni rahisi kuona kwa nini wapwa zangu hawalali.

Nianze na lile linalonivuta kukubali, maana ni zito na linatugusa sisi Watanzania moja kwa moja. Juni 2012, faru weusi watatu walisafirishwa kwa ndege kutoka Port Lympne hadi Tanzania, wakapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Majina yao ni Grumeti, Monduli na Zawadi. Miaka mitatu kabla, faru wengine watatu walikuwa wamefika Mkomazi hiyo hiyo kutoka bustani ya Dvůr Králové huko Czech, nayo pia hulaza wageni. Mwishoni mwa mwaka 2009 bustani hiyo ya Czech iliwarudisha Afrika faru weupe wa kaskazini wanne, wakaletwa Ol Pejeta nchini Kenya. Mmoja wao alikuwa Sudan, dume wa mwisho wa jamii yake, aliyekufa Machi 2018.

Uzito wa faru watatu unaonekana ukikumbuka tulikotoka. Mwaka 1970 bara la Afrika lilikuwa na faru weusi wapatao 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walibaki pungufu ya 2,500. Bunduki na biashara ya pembe viliwamaliza. Wakati sisi tunawapoteza porini, kuna waliokuwa wanazaliana kwenye mazizi ya Ulaya, wakilishwa nyasi kavu wakati wa baridi, kwa gharama ya watu waliolipa kiingilio. Siwezi kulipuuza hilo kwa sababu tu sipendi vioo.

Liko na la chura. Mtanzania aliyekuwa mtu mzima miaka ya 2000 anawakumbuka vyura wa Kihansi, maana walijadiliwa mpaka vijiweni: iweje umeme wa nchi usumbuliwe na chura asiyefika urefu wa sentimita tatu? Chura huyo, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, chini ya milima ya Udzungwa, na hakuna pengine duniani. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya Bronx jijini New York. Nyumbani wakaisha kabisa, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza la vizazi vyao lilirudi Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni Kihansi.

Kisa hicho nakikumbuka kila nikisikia mtu akisema bustani za wanyama hazina faida yoyote. Lakini nakikumbuka pia ninaposoma matangazo ya malazi haya, kwa sababu ya pili. Hakuna familia itakayolipa mamia ya pauni kulala kando ya chura wa Kihansi. Kazi bora ambayo bustani hizi zimewahi kutufanyia ilifanyika kwenye vyumba vya nyuma, ndani ya matangi madogo yenye joto na unyevu, na wafanyakazi ambao mgeni hawaoni. Kinachouzwa usiku ni simba, chui milia na dubu. Kwa hiyo swali linalonikaa kichwani ni kama hela ya simba inafika kwa chura, au inaishia kujenga nyumba nyingine yenye kioo kikubwa zaidi.

Sasa nije kwenye kioo chenyewe. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walichapisha kwenye jarida la Nature uchunguzi kuhusu wanyama walao nyama waliofungiwa. Walikuta kwamba wale ambao porini huzunguka eneo kubwa ndio wanaoteseka zaidi kifungoni: huenda na kurudi njia ile ile kutwa nzima, na watoto wao hufa kwa wingi. Dubu mweupe wa barafu ndiye aliyekuwa mfano mbaya kuliko wote. Zizi lake la kawaida, walikadiria, ni sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analozunguka porini. Sasa angalia soko. Kwenye bustani ya La Flèche nchini Ufaransa na ile ya Pairi Daiza nchini Ubelgiji, chumba kinachotazama dubu mweupe ni miongoni mwa vivutio vikubwa vya malazi. Mnyama ambaye utafiti unasema hafai kabisa kufungiwa ndiye tunayemlipia ili tumtazame tukiwa kitandani.

Mtetezi wa malazi haya atanijibu kwamba mnyama aliyezoea watu hajali. Kuna wanyama ambao kweli hawajali, na wengine huja wenyewe dirishani kwa kutaka kujua. Ninachokitafuta mimi ni kona ya kujificha. Bustani ya kawaida ikifunga jioni, wageni wanaondoka na mnyama anabaki na saa zake bila macho ya mtu. Malazi ya kioo yanauza saa hizo hizo. Kama simba ana kichaka, mwamba au mlango wa kuondokea muda wowote anaotaka, na mgeni akalala bila kumwona akakubali kwamba ndivyo ilivyo, sina ugomvi. Kama uwanja wake umepangwa ili mahali pazuri pa kulala, penye joto, pawe ni pale tu mbele ya kioo, basi mgeni amenunua kulazimishwa kwa mnyama, hata kama hakuna aliyemgusa.

Nairobi kuna mfano unaonisaidia kupima. Giraffe Manor, mtaa wa Lang'ata, ni nyumba iliyojengwa mwaka 1932. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville waliinunua na kuanza kulea humo twiga wa Rothschild, ambao wakati huo walikuwa wamebaki wachache mno nchini Kenya. Leo ni hoteli, na picha ya twiga aliyeingiza shingo dirishani wakati wa chai ya asubuhi imezunguka dunia nzima. Bei yake inawaacha nje Wakenya karibu wote, na hilo linaniuma. Lakini twiga anakuja kwa miguu yake, anachukua chakula, akichoka anageuka na kurudi msituni. Na kwenye Kituo cha Twiga kilicho jirani, watoto wa shule za Nairobi wanawalisha twiga hao hao kwa mkono. Umbali unaamuliwa na mnyama. Hicho ndicho kipimo changu, na kwa kipimo hicho nyumba inayotazama uwanda wa twiga na pundamilia si sawa na nyumba yenye kioo cha simba, hata zikiwa ndani ya uzio mmoja.

Kuna watoto wengine wanaolala kando ya simba, na hawalipi. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mvulana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba walikuwa wanavuka usiku na kuua mifugo. Akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, akaunganisha balbu, betri ya gari na paneli ya jua, taa zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma. Mwaka 2013 alisimama mbele ya ukumbi wa watu Marekani kueleza alichobuni, na taa za namna hiyo zimesambaa kwa wafugaji wengine. Mtoto huyo anamjua simba kuliko mgeni yeyote wa Port Lympne, na alimjua kwanza kama hasara ya baba yake. Natamani wapwa zangu wasikie habari hiyo kabla hawajaweka pua kwenye kioo. Simba wa Kent hana boma la kuvamia, wala hakuna mtu anayekesha kwa ajili yake, kwa hiyo nusu ya habari ya simba haipo pale.

Hata habari ya faru ina nusu nyingine. Mkomazi walikopelekwa Grumeti, Monduli na Zawadi iliondolewa wafugaji mwaka 1988, Wamaasai na Waparakuyo wakiwa miongoni mwao. Walikwenda mahakamani na ardhi hawakuipata. Sisemi faru wasingerudi. Nasema mgeni anapoambiwa pale Kent kwamba usiku wake unarudisha faru "porini", aambiwe na pori lenyewe lilipatikanaje.

Ndipo linakuja suala la mapambo. Baadhi ya malazi ya Port Lympne yaliwahi kupewa jina la Livingstone, na yakapambwa mtindo wa safari za zamani. Kwa Mwingereza ni jina la kusisimua tu. Kwetu, Livingstone alipofariki mwaka 1873, waliobeba mwili wake mwendo wa miezi hadi Bagamoyo walikuwa Waafrika wakiongozwa na wasaidizi wake, Chuma na Susi. Kaburi lake Westminster Abbey linasema aliletwa kwa mikono miaminifu, bila kutaja ni mikono ya nani. Na bustani ya wanyama ya Ulaya yenye mapambo ya Kiafrika haijengwi juu ya historia tupu. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kuonyeshwa, kundi kubwa likiwekwa Tervuren, na saba walifia huko. Mwaka 1994, ndio, 1994, bustani ya safari karibu na Nantes, Ufaransa, iliwaweka watu kutoka Ivory Coast kwenye kijiji cha maonyesho wacheze ngoma mbele ya wageni, mpaka watetezi wa haki wakapiga kelele. Mzazi Mwafrika akipita na watoto wake kwenye banda la makuti jirani na zizi la wanyama, asilaumiwe akijisikia vibaya. Banda likiwa zuri kwa kulala, na liwe zuri. Ila nyumba ya bibi yetu isigeuzwe sehemu ya maonyesho ya wanyama.

Nilishangaa kukuta kwamba mashaka kuhusu bustani za wanyama yako hata ndani ya familia iliyoanzisha Port Lympne. Damian Aspinall, mtoto wa mwanzilishi, amesema hadharani mara nyingi kwamba bustani za wanyama zinapaswa kufungwa taratibu na wanyama warudishwe makwao. Namheshimu kwa kusema hivyo huku familia yake ikiwa ndiyo iliyoanzisha kazi hiyo. Lakini mwaka 2021 ilipotangazwa kwamba tembo 13 kutoka bustani yao nyingine, Howletts, watapelekwa Kenya, wizara husika ya Kenya ilitoa taarifa kwamba haikuwa imeulizwa. Nia njema ya kurudisha wanyama nyumbani haimwondolei mwenye nyumba haki ya kubishiwa hodi.

Jumamosi nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia aende, kwa sababu watoto waliozaliwa Coventry wanastahili kusikia ngurumo ya simba gizani angalau mara moja, na ngurumo hiyo husikika mbali, haihitaji kioo. Achukue chumba cha bei nafuu kinachotazama uwanda wa twiga na faru. Akifika mapokezi aulize, kwa upole lakini bila haya, ni kiasi gani cha hela ya chumba kinakwenda kwa faru wa Mkomazi, na asikilize kama anajibiwa kwa tarakimu. Watoto awaeleze Chuma na Susi walikuwa akina nani.

Akaniuliza, na kinachobaki kwenye bei ya ile nyumba ya simba? Nikamwambia akiweke. Basi la Dar kwenda Mbeya linapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na mtoto akikaa dirishani anaona twiga, swala na nyati kabla hata hajafungua chupa yake ya soda. Amesema wataanza kuhesabu nauli ya Desemba mwakani.