Harufu ya Nanasi Haiui Kuvu

Jamani, hivi gari la mtu mzima linanukaje soksi? Nje limeoshwa, tairi zimepakwa mafuta zinameta kama viatu vya bwana harusi. Unakaribishwa: "Panda mbele ndugu yangu, ngoja nikuwashie AC." Anabonyeza. Lahaula! Kinachotoka hapo ni nguo zilizolala kwenye beseni siku tatu, zimechanganyika na kwapa la konda wa saa nane mchana. Mwenye gari katulia tuli, pua yake ilishazoea kitambo. Akikuona umekunja uso, anatoa dawa yake: kikaratasi cha harufu ya nanasi, anakining'iniza kwenye kioo pamoja na vingine viwili vilivyokufa zamani. Sasa mnasafiri na soksi iliyolowekwa kwenye juisi.

Funika kombe mwanaharamu apite, sawa, lakini huyu hapiti. Kapanga humohumo. Chumba chake ni evaporeta, ile kama rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. AC ikiwaka inapoa, na hewa ya Dar es Salaam ilivyo na unyevu, ikigusa mapezi yake inaacha maji kama yanayoota kwenye chupa ya soda iliyotoka frijini. Ukizima gari, maji yanabaki na vumbi, giza na joto. Kuvu itake nini tena? Maji bure, chakula bure, kodi hailipi.

Basi gari linapelekwa gereji. Fundi hata boneti hajafungua: "Gesi imeisha, bosi." AC haipoi, gesi. Inanuka, gesi. Mkeo kanuna, gesi! Gesi ya R134a iliyomo kwenye magari yetu mengi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani kabisa na hewa unayovuta. Ukijaziwa, utapata uvundo uleule, tena wa baridi.

Anza na filta ya AC. Kwenye Toyota nyingi za mtaani iko nyuma ya ile droo ya dashibodi mbele ya abiria. Toa makorokoro yote, risiti za mafuta za tangu mwaka juzi pamoja na kitana kisicho na meno, minya kuta mbili za droo kwa ndani, itashuka yenyewe. Nyuma yake kuna kifuniko, fungua uvute. Filta nyingi huzaliwa nyeupe. Ukitoa kitu cha rangi ya kiatu cha mgambo, tupa. Usiende kuipuliza upepo halafu uirudishe, maana vumbi litaruka lakini kuvu iliyoshika nyuzi inabaki palepale. Hesabu kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kama njia yako ni ya vumbi, nusu ya hapo. Wapo watakaofungua wakute pango tupu, hakuna filta kabisa, na gari limekuwa likila vumbi mbichi miaka yote hiyo.

Lakini usikimbilie kuchomeka filta mpya. Kwanza osha evaporeta. Nunua povu maalumu la kusafishia evaporeta, lile la kopo lenye mpira mrefu, siyo sabuni ya kuoshea injini, na jiki iache chooni: klorini inakula alumini, na mvuke wake utauvuta wewe. Zima injini. Chungulia chini ya gari upande wa abiria, utaona kibomba cha kutolea maji ya AC. Ingiza mpira humo, puliza povu, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi 15 hadi 20. Kitakachoshuka kina rangi ya chai ya rangi iliyochacha, na wewe umekuwa ukiivuta na wanao. Likiisha kushuka, washa injini, AC ikiwa imezimwa, feni mpaka mwisho, joto mpaka mwisho, milango wazi, dakika kumi. Ndipo filta mpya iingie, mshale wake ukielekea ulikokuwa ule wa zamani.

Kibomba hichohicho ndicho watu wanachokisingizia. Wakiona maji yanadondoka chini, mbio kwa fundi, gari linavuja! Mzee, hayo ndiyo yanayotakiwa. Ogopa pale AC imewaka nusu saa, jua na unyevu wa pwani, na chini pamekauka kama Dodoma. Maji yamezibwa na uchafu, yanarudi ndani, na kapeti la miguuni kwa abiria limelowa. Zibua taratibu kwa waya laini wa plastiki, na kapeti lifunuliwe likauke mpaka sponji ya chini, la sivyo umeosha chungu ukasahau mfuniko.

Harufu tamu kama shira, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inavuja kwenye hita. Moshi wa ekzosi ukiingia ndani, shusha vioo, tafuta fundi siku hiyohiyo, maana sumu iliyomo haina harufu ya kukuonya. Na kama ni mzoga mzoga, kuna panya kafia kwenye blowa, ile feni inayosukuma hewa ya AC. Hapo hata umwage povu ndoo nzima, marehemu hajazikwa.

Ukishamaliza yote hayo, kilichobaki hakina gharama: dakika tano kabla ya kufika, zima kitufe cha AC, acha feni ipulize, evaporeta ikauke. Dakika tano! Lakini utamwona mtu huyohuyo, foleni kakaa saa mbili, akifika getini ndiyo ana haraka. Anazima vyote kwa mpigo, anapandisha vioo mpaka juu, anaingia kulala, na chini ya kiti cha nyuma kasahau mfuko wa dagaa.