Saa Inayoanza Kuhesabiwa Mlango Ukifungwa

Mhudumu wa ndege anapomsaidia abiria kuinua begi juu ya kiti, katika mashirika mengi ya Amerika Kaskazini saa yake ya malipo huwa haijaanza. Utaratibu wa miaka mingi ni kumlipa kuanzia mlango unapofungwa na ndege kuanza kusogea. Safari ikichelewa saa 2 huku abiria wakimfokea, muda huo haumwingizii kitu zaidi ya posho ndogo. Ndiyo maana mabishano kuhusu nyongeza ya mishahara katika sekta hii hayaeleweki kwa kutazama asilimia peke yake.

Mfano ni Air Canada. Mwaka 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba lingeongeza jumla ya malipo na marupurupu kwa asilimia 38 katika miaka 4. Chama cha wafanyakazi, CUPE, kilijibu kwamba asilimia 8 ya mshahara kwa mwaka wa kwanza haifidii mfumuko wa bei, na kwamba kazi ya ardhini ilipwe. Tarehe 16 Agosti wahudumu zaidi ya 10,000 waligoma, na serikali ilipowaamuru warudi kazini ndani ya saa chache, walikaidi.

Mwajiri naye ana hoja zake. Kiwango cha saa ya angani, kwa maelezo yake, kiliwekwa kikubwa makusudi ili kibebe kazi ya ardhini, hivyo kuilipia tena ni kulipa mara mbili. Isitoshe, IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, ilikadiria faida ya mwaka 2025 kuwa takriban dola 7 tu kwa kila abiria, na bei ya mafuta haiko mikononi mwa meneja yeyote. Hoja hii ya pili siibezi. Ya kwanza, hata hivyo, inapwaya: fidia iliyofichwa ndani ya saa za angani humnufaisha anayeruka safari ndefu, ilhali mhudumu wa safari fupi hupakia abiria mara 3 au 4 kwa siku na ndiye anayebeba hasara ya kila ucheleweshaji. Tena Delta, shirika la Marekani ambalo wahudumu wake hawana chama, ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa abiria kupanda kwa nusu ya kiwango.

Nguvu kwenye meza ya mazungumzo nayo hailingani. Marubani wa Delta walipata nyongeza ya asilimia 34 katika miaka 4 kwa mkataba wa 2023, kwa kuwa wakati huo rubani mzoefu alikuwa adimu. Nchini Marekani, sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyoanza kuyahusu mashirika ya ndege mwaka 1936, huacha mkataba wa zamani uendelee kutumika hadi mpya upatikane, na mgomo hauruhusiwi mpaka bodi ya upatanishi iwaachilie wahusika na siku 30 zipite. Inalinda wasafiri, lakini kuchelewa huko kunamfaa zaidi anayelipa mishahara ya zamani. Wahudumu wa United, shirika jingine la Marekani, ambao mkataba wao ulifunguliwa kwa marekebisho mwaka 2021, walikataa rasimu mpya Julai 2025 kwa asilimia 71 ya kura.

Kwa Air Canada, mgomo ulikoma baada ya siku 3 na malipo ya ardhini yakapatikana. Kipengele cha mishahara kilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura, lakini katika makubaliano chama kilikuwa kimeshaiachia haki ya kugoma tena, na suala hilo likaenda kwa wasuluhishi.