Kabla bumu halijatoka: kwa nini ufadhili mdogo bado unahitajika Tanga

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali lilelile hurudi Tanga mjini, Muheza na Pangani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo. Kuna haja gani ya misikiti, makanisa, wafanyabiashara na halmashauri kuchangishana ili kuwapeleka vijana chuo kikuu? Wanaouliza hivyo hawana roho mbaya, wanatazama hesabu. Bodi inafanya kazi tangu 2005, bajeti yake sasa inapita shilingi bilioni 700 kwa mwaka, na wanafunzi inaowahudumia wamezidi 200,000. Ukiziweka pembeni ya fedha hizo milioni tano zilizokusanywa kwa jasho huku Ngamiani, huoni zitabadilisha nini.

Upande wa mkopo una hoja nzito, na miaka ya karibuni zimeongezeka. Hadi 2021 mnufaika wa mkopo alikuwa akiongezewa deni kwa asilimia 6 kila mwaka kwa maelezo ya kulinda thamani ya fedha, na aliyechelewa kuanza kurejesha alipigwa adhabu ya asilimia 10. Huku pwani ile asilimia 6 iliitwa riba tu, na wapo wazazi walioona heri mtoto akae nyumbani kuliko kuichukua. Serikali ilifuta yote mawili mwaka huo. Kuanzia 2022/23 fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kubwa zaidi ni kwamba mkopo unarudi: mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na anachokatwa kinamsomesha mwingine. Ufadhili ukitoka umetoka.

Tuupime mkopo wenyewe kwa mfano. Shahada ya miaka mitatu, ada 1,300,000 kwa mwaka, chakula na malazi siku 238 kwa mwaka, vitabu na viandikwa 200,000. Jumla ni 11,640,000. Ongeza asilimia 1 ya gharama za uendeshaji. Akipata kazi yenye mshahara wa msingi wa 700,000 atakatwa 105,000 kwa mwezi, naye atamaliza deni kwa miaka tisa na miezi minne. Ni muda mrefu, lakini deni linalipika. Anayesema vijana wa masikini wasikope kabisa, wafadhiliwe wote bure, bado hajaonyesha fedha hizo zitatoka wapi.

Ufadhili ninaoutetea hapa ni mwingine. Ni laki tatu na nusu hadi laki nne kwa mwanafunzi, zikitolewa kabla ya usajili, na kiasi kidogo zaidi mwaka wa pili. Kazi yake ni kumfikisha mwanafunzi kwenye mkopo wake, na hapo ndipo wanaoubeza wanapokosea: wanaupima kwa ukubwa wa gharama ya shahada nzima, wakati shida anayoitatua huyu mtoto iko katika wiki tatu za mwanzo.

Tazama fedha zinavyofuatana. Mwanafunzi amethibitisha chuo, na jina lake limo kwenye orodha ya waliopangiwa mkopo. Anapakua maelekezo ya kujiunga na kukuta kuna malipo ambayo bila hayo hasajiliwi. Bima ya afya ya NHIF kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Ada ya kudhibiti ubora inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni 20,000. Hizo mbili tu ni 70,400. Halafu kuna usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, na vyuo vingine vinaongeza amana ya tahadhari. Hivi hutofautiana chuo hadi chuo. Kama Bodi imempa asilimia 40 ya ada ile ya 1,300,000, zilizobaki ni 780,000, na chuo kinachotaka nusu kila muhula kitamdai 390,000 mlangoni.

Akishasajiliwa ndipo anapoweza kusaini mkopo kwa alama za vidole, na bumu hutoka baada ya kusaini. Kati ya siku anayoshuka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, na siku simu inapolia kuwa fedha imeingia kuna wiki mbili, tatu, pengine nne. Kwa kiwango cha Bodi yenyewe cha shilingi 10,000 kwa siku, wiki tatu ni 210,000. Jumlisha na zile 70,400, unapata 280,400. Bado hujaweka nauli, godoro, ndoo, neti, wala michango ya chuo, na pengo la ada liko nje ya hesabu hii. Laki tatu na nusu imetoka hapo, na mtu akisema ni nyingi, namwomba aonyeshe kipi kati ya hivyo kikatwe.

Mzazi wa kipato cha kati hakioni kipindi hiki kabisa. Anatuma laki nne kwa simu, mambo yanakwenda, na Desemba ameshasahau. Kwa mama anayeuza maandazi Makorora, au baba anayevua Kipumbwi na msimu wa upepo umembana, laki nne ya mkupuo haipo. Kijana anachelewa wiki moja, kisha ya pili, akisubiri mjomba alipwe. Muda wa usajili unapita. Asiyesajiliwa hasaini, na fedha isiyosainiwa inarudishwa Bodi. Nafasi ya chuo imepotea, mkopo nao umepotea, na mwaka unaofuata anaanza upya: anaomba chuo tena, anaomba mkopo tena, analipa tena shilingi 30,000 ya maombi. Kwenye tangazo la waliopangiwa mkopo, huyu alihesabiwa miongoni mwa waliosaidiwa. Mkopo unaoweza kupita milioni kumi na moja umeshindikana kwa kukosa laki nne. Mimi sioni kama kuna fedha nyingine katika elimu ya juu inayozaa kwa kiwango hicho.

Zipo pia gharama zinazotangulia hata hizo, nazo ni za karatasi. Mwombaji wa mkopo anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, fomu iliyosainiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji na kupitishwa kwa kamishna wa viapo, pamoja na mdhamini na vielelezo vyake. Akiwa yatima anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Hiki cha mwisho ndicho kinachowaumiza wengi wa pwani. Mzee amefariki asubuhi kijijini Mkinga, alasiri ameshazikwa, hitima imesomwa, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Miaka minane baadaye mtoto anajaza fomu na hana cheti. Kwa macho ya mfumo baba yake yu hai, tena ana uwezo ambao haujulikani. Dawa ipo: barua ya mwenyekiti wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, kisha msajili kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, kusajili kifo kilichochelewa, kuchukua cheti na kukipeleka uhakiki. Kila hatua ina nauli, ada na siku zake, na dirisha la mkopo halimsubiri mtu.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahawa Fatma, cha kidato cha nne kinasema Mwanahawa Fatuma, na namba ya NIDA ina jina la tatu lisilo kwenye chochote kati ya hivyo. Inabidi kiapo kwa wakili. Kule steshenari kijana anayewajazia fomu anaweka namba yake ya simu kwa kuwa mwombaji hana simu yake, na msimbo wa kuthibitisha chuo unapotumwa unamfikia mtu mwingine. Wengine wakati huo wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, na anayehangaika na vyeti nyumbani ni mama asiyejua kurasa zipi zinatakiwa kupandishwa mtandaoni.

Kwa hiyo sehemu ya ufadhili itumike mapema, kati ya Januari na Aprili, wakati wanafunzi bado wako shuleni Galanos, Usagara na kwingineko. Mwalimu mmoja wa taaluma akiwa na orodha ya nani hana cheti gani, na mfuko wa shilingi 60,000 kwa kila mwenye shida, ataokoa watu wengi kuliko hundi kubwa ya Oktoba.

Sasa udhaifu wa ufadhili huu, maana upo. Wa kwanza ni upendeleo. Fedha inayogawiwa na diwani au mfadhili mmoja huishia kwa wanaofahamika, na wale wa mbali kama Kilindi au milimani Lushoto hawapati hata habari. Wa pili ni mbaya zaidi: fedha nyingi za michango huishia mwaka wa kwanza. Picha imepigwa, hundi imeshikwa juu, na mwaka wa pili yule mwenye asilimia 40 ya ada anakutana na pengo lilelile bila mtu wa kumpigia simu. Kumwanzishia mtu safari usiyoweza kumsaidia kuimaliza ni kumwongezea mzigo, na hapa wakosoaji wako sahihi kabisa. Mfuko wenye milioni nne uchukue wanafunzi watano, si kumi, na nusu iliyobaki iwasubiri hao hao mwaka wa pili.

Wa tatu ni wa kiufundi. Mkopo unalenga wasio na ufadhili mwingine, kwa hiyo barua ya mfadhili iandikwe kwa uangalifu. Isiseme tu kwamba fulani anafadhiliwa na msikiti wetu. Itaje kiasi, itaje ni cha gharama za usajili na kujikimu hadi mkopo utoke, na iseme wazi kuwa hakigusi ada. Vilevile anayesomeshwa na mjomba katika sekondari ya binafsi awe na barua ya huyo mjomba, la sivyo ada ile itaonekana imetoka mfukoni mwa wazazi wake.

Wapo wanaosema ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, umeziba pengo hili. Ule ni mzuri na unalipia masomo yote bila kurejesha, ila unawaendea waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika sayansi. Binti wa Maramba aliyepata daraja la kwanza kwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hamo, na asilimia yake ya mkopo ndiyo anayobaki nayo.

Kwa upande wa misikiti sioni kikwazo cha kisheria wala cha dini. Mafungu manane ya zaka yana mafukara, masikini, wenye madeni na wasafiri, na kijana huyu anaweza kuingia zaidi ya fungu moja. Kikwazo ni kalenda: zaka hukusanywa Ramadhani, na ikigawiwa yote kabla ya Idi, Oktoba haina kitu. Lazima kuwe na akaunti ya pembeni yenye watia saini watatu, na majina ya waliopewa yabandikwe ofisi ya kata ili anayejua kwamba fulani ana nyumba mbili za kupangisha Chumbageni aseme. Malipo ya chuo yalipwe moja kwa moja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo aliyopewa mwanafunzi. Fedha ya kujikimu aipokee mwenyewe, kwa mafungu mawili, la pili likitoka baada ya kutuma uthibitisho wa kusajiliwa. Na apewe bila kusimamishwa mbele ya kamera.

Halmashauri nayo isisingizie ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Hiyo ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na haiwezi kugeuzwa kuwa ufadhili wa masomo. Kinachohitajika ni kifungu chake chenyewe katika bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mabaraza ya madiwani hujadili makisio mwanzoni mwa mwaka. Diwani atakayelileta jambo hili Agosti, matokeo yakishatoka na wazazi wakishaanza kubisha hodi, ataambiwa hakuna fungu, naye ataambiwa ukweli. Maombi yanatakiwa yawe mezani kwa mkurugenzi kabla ya Februari, yakiwa na idadi ya wanafunzi wa kidato cha sita wa kata husika na kiasi kwa kila mmoja.